Shangazi, kwa nini mama kapewa siku 15 za mionzi na jirani alipewa 25?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Bwaise, hapa Kampala, kwenye chumba tulichopanga mimi na mama yangu. Kwetu ni Arua. Mama ana miaka 58. Mwaka jana alipatikana na kansa ya titi la kushoto. Wakampa dawa za dripu, kisha wakalikata titi lote pamoja na tezi za kwapani kwa sababu ugonjwa ulikuwa umefika huko. Sasa tupo kwenye mionzi. Leo amemaliza siku ya sita, na nyumba haikaliki.

Daktari alimwandikia siku 15. Mimi nilishukuru, maana kodi ya chumba, chakula na boda ya kila asubuhi vinatumaliza. Lakini kaka yangu mkubwa, anayefanya biashara ya Juba, aliposikia 15 alipandisha sauti hadi simu ikakoroma. Kuna mama mmoja jirani yetu kule Arua alitibiwa hapa hapa Kampala miaka mitatu iliyopita. Yeye alipigwa mionzi mara 25, wiki tano nzima, na baada ya hapo wakamwingiza chombo ndani mara kadhaa. Yuko hai, analima. Kaka anauliza: "Yule 25, mama yetu 15. Zile kumi zimeliwa na nani?" Anaamini tumepunjwa kwa kuwa hatuna mkubwa wa kutusemea, au foleni ni ndefu wanataka tuwapishe wengine. Tena anakumbusha mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago ilivyokufa mwaka 2016. Anasema hata hii labda imechoka, ndiyo maana wanaipunguzia kazi.

Amepata wakala wa kupeleka wagonjwa India, ambaye amemwahidi kwamba huko mama atapata "dozi kamili". Kaka anataka tuuze ploti aliyotuachia baba. Mnunuzi yupo, karatasi ninazo mimi, na jibu langu linatakiwa wiki hii.

La pili ni wifi yangu. Mdogo wangu wa kiume anaishi Bombo, mkewe ana mimba ya miezi sita na mtoto wa miaka miwili. Jumapili tulienda kuwatembelea. Wifi akamtengea mama sahani yake na kikombe chake, akamtandikia mkeka barazani peke yake, na mtoto akazuiwa kumsogelea bibi. Kasikia kwamba mionzi hukaa mwilini na huharibu mimba. Mama hakusema neno. Tangu siku hiyo hataki hata mimi nilale naye kitanda kimoja.

La tatu, mimi mwenyewe namlaza kutwa, simwachi hata aoshe kikombe, ila uchovu ndio unazidi. Mkono wa kushoto umekakamaa. Kwenye mashine wanamtaka auweke juu ya kichwa na machozi yanamtoka.

Na la mwisho: mjomba, kaka yake mama, alifariki mwezi uliopita. Arobaini ni Jumatano ijayo, Arua. Mama anataka kwenda na kurudi Ijumaa. Anasema siku mbili tatu si kitu.

Nimebanwa kila upande, shangazi.

Binti wa Arua

*

Marahaba, mwanangu, na mama mpe pole yangu kwa maradhi na kwa msiba.

Kabla ya safu hii nilikaa miaka mingi kwenye idara ya mionzi na ile beji ya kupimia ikining'inia kifuani. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama shangazi, mara ya pili kama mtu wa kazi ile. Hiyo mara ya pili ndiyo ilinisimamisha kwenye jambo ulilolipita mbio: jirani yenu aliingizwa chombo ndani.

Mionzi mara 25 kwa nje, halafu chombo kuingizwa ndani mara chache, hiyo ni tiba ya kansa ya shingo ya kizazi. Huo ndio mpango wake wa kawaida Kampala, Nairobi na Mumbai. Kwa hiyo kaka yako analinganisha magonjwa mawili. Ni kama kuuliza kwa nini wa malaria kapewa vidonge vya siku tatu na wa kifua kikuu vya miezi sita. Ila nakuomba kitu: usiende kumtajia kaka ugonjwa wa yule mama. Huenda mtaani alisema "kansa" akaishia hapo, na ana haki hiyo. Mwambie tu kwamba ugonjwa wake ulikuwa mwingine.

Najua kaka hataishia hapo. Atapata mwingine, wa titi kweli, aliyepigwa mara 25. Na wapo, tena wengi, maana zamani hiyo ndiyo ilikuwa desturi dunia nzima. Basi nikueleze desturi ilivyobadilika, na kwa nini.

Mionzi ya tiba hupimwa kwa grei. Mpango wa zamani wa titi ulikuwa grei 50, zikagawanywa mara 25, yaani grei 2 kila siku. Mpango wa siku 15 huwa na grei 40 hadi 43.5 kwa jumla, kwa hiyo kila siku mama anapata karibu grei 2.7 hadi 2.9. Hapo kaka atakwambia: "Unaona? Hata jumla imepungua!" Ni kweli imepungua. Lakini anayetwanga mtama hahesabu mapigo peke yake, anaangalia pia uzito wa mchi.

Mionzi ikipita kwenye seli huvunja nyuzi zake za urithi. Seli nzima ya mwili ina mafundi wake, na ikipewa saa kadhaa hujitengeneza. Wazee wetu wa kazi hii waliamini kwamba kansa zote hazijali ukubwa wa pigo, zinajali jumla tu, ila nyama nzima ndizo huumizwa na pigo kubwa. Ndiyo sababu waligawa dozi vipande vidogo vidogo, nyama nzima zipate kupumua. Kwa kansa nyingi fikra hiyo bado inafanya kazi. Kwa titi, hesabu ilipopigwa upya, ikaonekana kwamba kansa yenyewe nayo huumizwa sana na pigo kubwa, karibu sawa na nyama zinazoizunguka. Basi faida ya kupigapiga kidogo kidogo ikawa haipo. Ukiongeza pigo kidogo unaweza kupunguza jumla, kansa ikapata dhoruba ile ile, na mwili ukapona pengine vizuri zaidi.

Haikuachwa kuwa hesabu ya karatasi. Uingereza waliwachukua wanawake 2,215, nusu wakapewa grei 50 kwa wiki tano, nusu grei 40 mara 15 kwa wiki tatu, wakawafuatilia miaka kumi. Matokeo yalitoka mwaka 2013: ugonjwa ulirudi sehemu ile ile kwa asilimia 5.5 ya wale wa wiki tano, na asilimia 4.3 ya wale wa wiki tatu. Madhara ya muda mrefu kwenye titi na ngozi nayo yalikuwa machache kwa hao wa wiki tatu. Hata kabla ya miaka kumi hiyo kutimia, mwaka 2009, mwongozo wa taifa lao ulishaifanya 15 kuwa tiba ya kawaida.

Lakini utafiti unaomhusu mama yako hasa ulifanyika China na kutangazwa mwaka 2019. Huo ulikuwa wa wanawake 820 waliokatwa titi lote na ambao ugonjwa ulishasambaa vya kutosha hadi hatari ya kurudi ikawa kubwa. Mionzi ilielekezwa kwenye ukuta wa kifua na kwenye tezi. Nusu walipata grei 50 mara 25, nusu grei 43.5 mara 15. Baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa umerudi maeneo hayo kwa asilimia 8.1 ya kundi la 25 na 8.3 ya kundi la 15. Hapo hakuna tofauti ya kuuzia ploti. Kuungua vibaya kwa ngozi wakati wa tiba kulikuwa asilimia 8 kwa wale wa 25, na asilimia 3 kwa wale wa 15.

Kwa hiyo swali la kaka, zile kumi zimeliwa na nani, jibu lake ni kwamba hazijaliwa. Zimo humo ndani ya 15, kila moja imenona.

Tena mpe na hii. Mwaka 2020 Waingereza hao hao walitoa matokeo ya utafiti wa watu 4,096 ambamo baadhi walipewa grei 26 kwa siku 5 tu, wiki moja, na kufikia miaka mitano hawakuwa nyuma ya wale wa siku 15. Mama yako hakupewa 5 kwa sababu yenye maana: matokeo hayo yalihusu titi na ukuta wa kifua, hayakuhusu tezi, na yeye tezi zake ziliguswa. Kumbe aliyekuandikieni 15 alikuwa anasoma faili la mama. Angekuwa anatafuta njia ya kuwaondoa haraka, angeandika 5.

Kuhusu foleni sitakuficha. Ndiyo, siku 15 hupunguza foleni, na Uganda foleni hiyo tunaijua. Mashine ya Mulago, ile iliyotumia madini ya kobalti kutoa mionzi, ilisimikwa mwaka 1995 na mwaka 2016 ikafa kabisa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nchi nzima haikuwa na mashine ya umma, wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi, wengine wakabaki nyumbani, na mpya ikaanza kazi mwishoni mwa 2017. Anayekumbuka miezi ile ana haki ya kuwa na wasiwasi, sitamcheka kaka yako kwa hilo. Ila nchi zenye mashine kila mji nazo zinatoa 15. Foleni kupungua ni bahati iliyokuja nyuma ya ushahidi.

Na "mashine imechoka"? Hapo kaka amegusa kitu cha kweli bila kujua. Kobalti huchoka. Kila miaka mitano na miezi mitatu hivi nguvu yake inakuwa nusu. Lakini dawa yake ni kumwacha mgonjwa chini ya mashine kwa muda mrefu zaidi siku hiyo, dakika zinaongezwa hadi grei zitimie. Kumpunguzia siku haisaidii chochote. Mashine za umeme zilizokuja baadaye hazina kobalti ndani, kwa hiyo hazichoki namna hiyo. Yupo mtu ambaye kazi yake ni hiyo hesabu, anaitwa mwanafizikia wa tiba. Wagonjwa hawamwoni kwa sababu hukaa nyuma na kompyuta zake na ndoo zake za maji. Ndiyo, maji: mwili wa binadamu ni maji mengi, kwa hiyo mashine hupimwa kwa kupiga mionzi ndani ya tangi la maji lenye kipimo. Tangu mwaka 1969 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani hutuma hospitalini vipimo vidogo kwa posta. Hospitali huvipiga dozi iliyoagizwa na kuvirudisha vikasomwe Austria. Tofauti ikizidi asilimia 5, simu inapigwa.

Sasa ploti. Msiiuze. Na hata mngekuwa na fedha zimekaa tu, bado ningesema msimhamishe mama katikati ya tiba. Dozi sita zimeshaingia, na mwili haufuti. Hospitali nyingine italazimika kumpiga picha upya, kupanga upya, na kubahatisha namna ya kuunganisha vipande viwili vilivyopangwa na watu tofauti, huku siku zinapita bila tiba. Mwambie kaka apande basi, aje akae na mama wiki moja. Muende pamoja kwa daktari na aulize mwenyewe, kwa mdomo wake: jumla ni grei ngapi na kila siku ngapi? Maeneo gani yanapigwa? Nani amekagua mpango? Ayaandike majibu. Akitaka macho mengine, aombe nakala ya mpango na kuupeleka kwa daktari mwingine wa mionzi ausome. Huo ndio ukaguzi, na bei yake haifiki hata kona ya ploti. Yule wakala analipwa mama akipanda ndege. Mwulizeni "dozi kamili" ni grei ngapi, na akiwapa tarakimu niandikieni, nina hamu ya kuiona.

Hasira yangu kidogo siielekezi kwa kaka. Naielekeza kwetu sisi wa makoti meupe. Dakika tano za kumweleza mtu kwa lugha yake kwamba 15 si pungufu ya 25 zingeokoa wiki nzima ya ugomvi kwenye simu.

Wifi yako sasa. Mionzi anayopata mama ni kama mwanga wa taa. Ukizima, chumba ni giza, hakuna mwanga unaobaki kwenye kuta. Mama akishuka kwenye ile meza hana mionzi mwilini, kwenye mate, kwenye jasho wala kwenye sahani. Mafundi hutoka chumbani mashine ikiwaka kwa sababu wao wapo pale kila siku ya miaka yao ya kazi. Ikizimwa mlango unafunguliwa na wanaingia sekunde hiyo hiyo. Muulize mama, ameona.

Alichokisikia wifi hakikutoka hewani, lakini. Kuna tiba nyingine, ya kansa ya tezi ya shingo, ambapo mgonjwa hunyweshwa iodini yenye mionzi. Hiyo hukaa mwilini kwa muda, nguvu yake hupungua nusu kila siku nane, na mgonjwa huambiwa kweli asikae karibu na wajawazito na watoto kwa siku kadhaa. Wifi amechukua onyo la mgonjwa mwingine akambandika mama mkwe wake. Mweleze hivyo, bila kumwaibisha, maana aliogopa kwa ajili ya mimba na hofu hiyo si dhambi. Lakini mkeka ule barazani aje aukunje yeye mwenyewe. Mama akae ndani, ale sinia moja nao, na mjukuu ampande mapajani. Awe upande wa kulia, maana kushoto kifua kinawasha.

Na hili neno "kuchomwa" linawapotosha watu. Mtu akisikia "kachomwa mionzi" anafikiria jiko. Chukua dozi zote 15 za mama, zitie kwenye kilo moja ya maji: joto lake litapanda kwa sehemu moja tu ya mia ya nyuzi moja. Chai yako ikipoa kwa kupulizwa mara moja inapoteza zaidi ya hapo. Ngozi inayokuwa nyeusi, ikiwasha na kubanduka, haikuungua kwa moto. Seli zake za chini zilikuwa zinagawanyika, zikakatizwa. Ndiyo maana uchungu huja wiki ya pili au ya tatu, na unaweza kuzidi kidogo hata baada ya siku ya 15 kwisha, kabla ya kupona. Usishtuke ukifika hapo. Aoge kwa maji vuguvugu bila kusugua, hata kwenye kutawadha aende polepole, na zile alama za wino kifuani asizifute. Avae pamba pana. Mafuta ya shea, ambayo kwenu hayakosekani, waulizeni mafundi kwanza. Wakikubali apake jioni, si asubuhi kabla ya mashine, na kamwe si penye kidonda. Majani ya kusaga na maji ya moto, hapana. Ngozi ikitoa majimaji, homa ikipanda, akibanwa pumzi, au mkono ukavimba ghafla na kuwa mwekundu, nendeni siku hiyo hiyo.

Hapa kwenye kulala nitakugombeza kidogo, kwa upendo. Umefanya kile ambacho mtoto yeyote mwema angefanya, na ndicho kinachomchosha. Uchovu wa mionzi haufanani na uchovu wa jembe. Huu haumalizwi na kitanda, na kila siku ya kulala misuli inapungua, kesho yake kusimama kunakuwa kazi. Mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa wa mazoezi na saratani walipitia tafiti zilizopo wakakubaliana kwamba nusu saa ya mwendo wa wastani, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu huu, wakati wa tiba na baada yake. Mwendo wa wastani maana yake mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Boda mpande kwenda tu. Kurudi, teremkeni njiani mtembee kipande cha mwisho, dakika kumi leo, kumi na tano wiki ijayo. Siku akisema leo siwezi, basi, hawezi. Na aoshe vikombe vyake! Aliyelea watoto na kuendesha shamba hawezi kupona akiwa mgeni kwenye chumba chake.

Mazoezi yana mambo makubwa zaidi ya uchovu. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa watu 889 waliotibiwa kansa ya utumbo mpana, nusu wakawekewa mpango wa mazoezi unaosimamiwa kwa miaka mitatu, wengine wakapewa vitabu vya ushauri wa afya. Baada ya miaka minane waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.3 kwa upande wa mazoezi na 83.2 kwa upande wa vitabu. Ni utumbo, si titi, kwa hiyo sikuahidi tarakimu hizo kwa mama. Nakuambia tu kwamba hospitali sasa zinaanza kuliandika zoezi kwa uzito wa dawa.

Mkono ndio wa haraka. Ukikataa kwenda juu, mama hawezi kulala vile alivyopangiwa, na akilala tofauti kila siku, mionzi nayo inaangukia tofauti. Mwambieni fundi kesho asubuhi kwamba anaumia, msinyamaze kwa adabu. Waombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wakati mnamsubiri, asimame ameuelekea ukuta, vidole vikipanda ukutani kama buibui hadi pale panapovuta, sio panapokata, ahesabu hadi kumi, ashushe. Mara tano, asubuhi na jioni, na nusu saa kabla ya kutoka kwenda hospitalini apewe dawa ya maumivu, kama daktari aliandika. Watu watamwambia mkono huo usibebe kitu maisha yake yote. Zamani tuliwaambia hivyo hata sisi. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba ulionyesha kwamba kunyanyua uzito kidogo kidogo, kwa usimamizi, hakukuongeza uvimbe. Kikombe leo, sufuria ya maji mwezi ujao. Dumu la lita 20 lisubiri sana.

Imebaki arobaini, na hili ndilo limenichukua muda, kwa sababu najua kaka wa mtu ni nani.

Siku mbili tatu ni kitu, mwanangu. Kwenye kansa ya shingo ya kizazi imepimwa: kila siku tiba inaporefuka kupita kiasi, uwezekano wa kuidhibiti hupungua kwa karibu asilimia 1. Kwa titi hesabu haiko kali hivyo, lakini kansa ni ile ile kwa tabia, inayobaki hutumia likizo kujijenga. Na kumbuka kila siku ya mama sasa imenona, akikosa moja amekosa zaidi ya aliyekosa moja kati ya 25. Ingeangukia Jumamosi ningekwambieni muulizeni daktari kama anaweza kuhimili basi la usiku kwenda na kurudi, maana wikiendi mashine hailii. Jumatano, hapana. Zaidi ya saa nane za barabara, kupitia Karuma na Pakwach, na ule mkono, halafu tiba mbili tatu zimekosekana.

Mwambie kaka akiwa Arua ampigie mama simu ya picha dua inapoanza, simu iwekwe kwenye mkeka wa wanawake, si kwa wanaume, ili mama aitikie pamoja na dada zake. Nyinyi huku pikeni kidogo muwape majirani wa hapo Bwaise kwa nia ya marehemu. Dozi yake ya siku hiyo ombeni iwe ya asubuhi, mafundi hukubali wakiambiwa sababu, dua ikute amesharudi na ameshaoga. Kisha siku ya 15 ikipita na daktari akimruhusu, apande basi aende kaburini kwa kaka yake akiwa amemaliza.